Hatua arobaini: kopo langu mlimani Kirumba na mguu wa Magesa

Wakuu, heshima kwenu wote. Walionizidi umri, shikamooni.

Mimi humu ndani ni msomaji tu. Miaka mingi napita kimyakimya, sijawahi kuanzisha uzi hata mmoja. Elimu yangu ni darasa la saba na naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo haya mnayosoma yamenichukua siku sita.

Hii siyo chai, yaani siyo hadithi ya kutunga. Natamani ingekuwa chai.

Kilichonitoa mafichoni ni uzi wa juzi wa mdau aliyetueleza mchezo wa wazungu unaoitwa geocaching. Mtu anaficha kikopo porini, wengine wanakitafuta kwa simu. Akasema kuna sheria: kikopo kipya hakiwekwi karibu na cha zamani. Lazima pawe na mita mia moja na sitini na kitu katikati, la sivyo kinakataliwa.

Wengi mlicheka. Mmoja akaandika, "Sheria ya umbali kwa ajili ya makopo? Hawa watu wameshiba."

Mimi niliweka simu chini, nikatoka nje, nikakaa juu ya ndoo mpaka mke wangu akaja kuniuliza kama naumwa.

Sisi tulikuwa na sheria hiyo hiyo. Mwanza, miaka ya tisini. Na hatukuwa tumeshiba.

Nilifika Mwaloni, lile soko la dagaa pale Kirumba, nikiwa na miaka kumi na minane, nimetoka Ukerewe. Ilikuwa ile miaka ya soko huria. Viwanda vya serikali vinafungwa kule Nyakato, viwanda vya watu binafsi vya minofu ya sangara vinafunguliwa kando ya ziwa. Minofu inapanda ndege, sisi tunabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa, tunakaanga tunakula. Waliopunguzwa kazi viwandani walishuka Mwaloni kubeba magunia ya dagaa pamoja na sisi tuliotoka visiwani.

Tulikuwa wabebaji kama kumi na wawili, tunalala kwenye banda moja la magunia lisilo na mlango. Ukilala na kitu mfukoni, unaamka huna kitu na huna mfuko.

Kwa hiyo kila mtu alikuwa na kopo.

Lile kopo la bati la mafuta ya kupikia, lenye mfuniko wa kubana. Unaweka vitu vyako vya maana, unazungushia mpira wa baiskeli ili maji yasiingie, unapanda mlimani nyuma ya Kirumba na kulificha kwenye majabali. Anayeijua Mwanza anayajua mawe yale. Yamepandiana kama kuna mtu alianza kuyapanga akaghairi.

Kwenye kopo langu kulikuwa na kitu kimoja tu, cheti changu cha kumaliza darasa la saba. Ndicho kitu pekee duniani kilichokuwa kimeandikwa jina langu.

Msimamizi wa makopo alikuwa mtu tuliyemwita Foromani. Mtu mzima wa miaka arobaini hivi, mrefu mno, aliyepunguzwa kwenye kiwanda cha nguo. Hakuna aliyemchagua. Ila yeye peke yake ndiye aliyejua kopo la kila mmoja liko wapi, na hakuwahi kugusa hata moja.

Sheria yake ilikuwa fupi. Kati ya kopo na kopo, hatua arobaini.

Mtu mpya anapanda naye, anaonyesha mahali anapopataka. Foromani anatazama, anasema "sogea" au anasema "hapo sawa". Hasemi usogee umwache nani. Kwa hiyo unaweza kukaa mwaka mzima hujui jirani yako mlimani ni nani.

Alivyotueleza ni hivi: mwenzako akikukuta umeinama karibu na kopo lake, utajieleza nini? Bora kila mtu awe na uwanja wake. Ukionekana kwenye uwanja usio wako, wewe ni mwizi. Hakuna kesi.

Na mwizi pale Mwaloni mnajua alikuwa anafanywa nini.

Mimi nilikuwa mtu wa aibu sana. Mpaka leo, lakini wakati ule ilikuwa ugonjwa. Kuuliza bei ilikuwa kazi. Wenzangu wakaniita Bubu. Nikijitahidi kusema neno wanapiga kelele, "Jamani anueni dagaa, Bubu kaongea, mvua hiyo!"

Aliyekuwa mdomo wangu ni Magesa. Tulitoka kijiji kimoja. Yeye aliacha shule darasa la tano, lakini kwa maneno alikuwa na digrii. Tukienda kwa mama ntilie ananiagizia: "Mpe na Bubu ugali, mama. Na usimpunje mchuzi, huyu anatukanaga kwa macho."

Siku ya kupewa sehemu yangu, Foromani alinisimamisha juu ya jabali moja bapa. Akanyoosha mkono kuelekea ziwani.

"Hatua arobaini kutoka hapa. Utakuta jiwe limepasuka. Hapo ni pako."

Mawingu yalikuwa yameshuka, matone yameanza. Akateremka akaniacha.

Nikahesabu arobaini. Nikakuta jiwe lina ufa. Nikasema ndilo hili, nikasukuma kopo langu ndani, nikashuka.

Wakuu, mlima ule mzima una mawe yenye nyufa.

Miezi ikapita. Siku moja akaja kijana mpya, na mimi nikawa nimepanda nao kwa kuwa nilikuwa nasaidia kubeba kuni. Foromani akamwambia ahesabu arobaini. Kijana akahesabu, akasimama. Foromani akacheka.

"Rudi. Hizo ni hatua za kuku. Hatua ni za kwangu, siyo za kwenu."

Kisha akatembea yeye na ile miguu yake mirefu, akamwacha kijana mbali sana nyuma. Alipofika mwisho akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo: "Anayejua amepunja hatua na akanyamaza, huyo ameshaiba. Amebakiza kubeba tu."

Kesho yake asubuhi nikarudi peke yangu kwenye lile jabali bapa, nikahesabu kwa kuruka, nikinyoosha mguu kadiri nilivyoweza. Arobaini ya Foromani ilifika kwenye jiwe jingine kabisa, lililopasuka katikati kama mkate. Chini yake hapakuwa na kitu.

Pale ndipo palikuwa pangu. Kopo langu lilikuwa nyuma, kama kwenye hatua ya thelathini, au pungufu.

Kosa lenyewe halikuwa kubwa. Nilikuwa na jambo moja la kufanya: kumfuata Foromani na kumwambia, "Kaka, nilihesabu kwa miguu yangu." Angenicheka, angeniita kuku, yangeisha.

Nikasema nitamwambia Jumapili. Nikafanya mazoezi ya maneno kichwani kabisa, kama mtu anayekwenda kuposa.

Ijumaa, Bwire akashuka mlimani analia.

Bwire alikuwa mmoja wetu, mtu mkimya na mwenye nguvu sana. Kopo lake halikuwepo. Ndani yake hakukuwa na mali. Kulikuwa na picha ya mtoto wake aliyekufa kwa surua. Ilikuwa picha moja tu, hakuna nyingine, na mtoto hayupo. Alilia mbele yetu bila kujifuta.

Ndipo nikajua jirani yangu mlimani ni nani. Maana alinyoosha kidole kuonyesha lilipokuwa, na kidole chake kilielekea upande wangu, kwenye lile jabali bapa nilipoanzia kuhesabu.

Tangu siku ile macho yote yakawa mlimani. Sikuthubutu kupanda kuhamisha kopo, na kwa Foromani sikuthubutu zaidi. Ningesema nini? Kwamba kwa miezi yote nimekuwa ndani ya uwanja wa Bwire, na kopo la Bwire limepotea, na mimi sihusiki?

Jumapili ikapita. Jumatatu nikashikwa na malaria.

Jumanne asubuhi Magesa akaja bandani anakimbia. Kiwanda kipya cha minofu kilikuwa kinaandikisha vijana getini, siku hiyo tu, na walitaka cheti cha darasa la saba.

"Bubu, amka! Mimi sina cheti, lakini wewe unacho. Wewe unaingia kiwandani leo, mzee. Koti jeupe, buti jeupe, utafikiri daktari."

Nikamwambia siwezi hata kusimama.

"Basi nikakichukue, nikupeleke mgongoni. Liko wapi?"

Nikamwelekeza.

Alikuwa ameshafika penye mwanga akageuka. "Au nimtume Foromani? Si yeye anajua pako?"

"Hapana," nikasema. "Nenda wewe."

Naomba msome tena hapo. Nilijua ninampeleka wapi. Nilijua Foromani asingelikuta kopo pale alipoliandika kichwani mwake. Nilijiambia Magesa anapendwa na kila mtu, nani atamshuku Magesa. Sikumwambia aangalie nyuma, wala kwamba pale siyo mahali pake. Akaenda anapiga mluzi.

Nilisinzia. Nilichosikia baadaye ni neno lile moja, "Mwizi!", ambalo Mwaloni likisemwa, hata wanaopima dagaa wanaacha mizani.

Foromani akaingia bandani anahema, na kijana mmoja nyuma yake. Mkononi ana kopo langu.

"Bubu. Magesa kakamatwa kule juu, uwanja wa Bwire. Kakutwa na hili kopo. Lina cheti chako."

Nikamtazama.

"Anasema umemtuma. Anasema kopo lilikuwa pale pale. Mimi nimewaambia pale siyo pako, pako nilipima mwenyewe. Wanasema kaiba lako, kaiba na la Bwire, alikuwa anatafuta la tatu. Sasa nataka neno moja tu. Ulimtuma?"

Nikavuta gunia nililojifunika mpaka kidevuni.

"Bubu, mdogo wangu. Ukisema ndiyo, nashuka naye sasa hivi. Ukisema siyo, sina la kumsaidia. Ulimtuma?"

Mdomo ulikuwa umekauka kwa homa, hilo ni kweli. Lakini siyo homa iliyoufunga. Niliona nikisema ndiyo, swali la pili litakuwa kopo langu lilifikaje pale. Na baada ya swali la pili hakuna la tatu.

Yule kijana akasema, "Achana naye, Foromani, huyu hata akiungua hasemi."

Foromani akachuchumaa mpaka uso wake ukawa karibu na wangu. Sauti yake ikawa ndogo kabisa. "Basi tikisa kichwa. Hata kichwa tu."

Nikafumba macho.

Nilisikia magoti yake yakilia alipoinuka. Aliweka kopo langu pembeni ya kichwa changu, taratibu, kama anaweka chakula cha mgonjwa. Akatoka akitembea. Aliingia anakimbia, akatoka akitembea.

Sitaeleza yaliyofanyika mlimani maana sikuyaona, niliyasikia tu. Magesa alikuwa anaita jina langu. Jina langu halisi, lile la kwenye cheti, siyo Bubu. Aliliita kwa muda mrefu.

Hakufa. Foromani alimlalia juu, wakachoka kumpiga Foromani. Lakini mguu wa kushoto ulikuwa umeshapondwa kwa jiwe chini ya goti. Walimteremsha kwa kumbeba kwenye gunia la dagaa, watu wanne, kila mmoja ameshika pembe. Siku chache baadaye akapakiwa kwenye boti ya kwao.

Najua kuna watakaonitukana hapa. Tukaneni, haki yenu. Ila nimalizie kwanza.

Kiwanda kiliandikisha tena wiki ile ile, watu hawakutosha. Homa ilikuwa imeshuka. Nikaenda na cheti changu, nikapewa koti jeupe na buti jeupe. Nilifanya kazi pale miaka kumi na moja. Nyumba ninayokaa sasa Igogo imetokana na kazi ile.

Kabla sijahama bandani, mvua kubwa ilinyesha siku mbili. Foromani akapanda kuangalia makopo ya watu kama alivyozoea. Akarudi na kopo la Bwire.

Halikuibwa. Changarawe chini yake ilikuwa imeporomoka, kopo likateleza kwenye ufa, likashuka chini ambako mkono haufiki. Mvua ile ndiyo iliyolisukuma likatokea upande wa pili wa jabali. Mfuniko ulikuwa umefunguka. Picha ilikuwa ndani, imelowa, sehemu ya uso imefutika. Ni karatasi nyeupe yenye kola ya shati.

Bwire aliishika akakaa chini pale pale kwenye tope. Kesho yake hakuja kazini, na sijawahi kumwona tena.

Jioni ile Foromani alinifuata nikifunga mzigo wangu.

"Ulihesabu hatua ngapi siku ile nilipokuacha na mvua?"

"Arobaini," nikasema.

"Za nani?"

Nikainamia mzigo, nikakaza kamba.

Akatikisa kichwa polepole, siyo kwa hasira. Akaondoka. Tangu siku hiyo tukikutana njiani hakuniita Bubu wala kitu kingine chochote. Alifariki miaka mingi baadaye, nilikwenda msibani nikakaa nyuma.

Mnaniuliza Magesa je.

Nilikaa miaka zaidi ya ishirini nikisema nitakwenda Jumapili. Mnaielewa ile Jumapili. Mwisho nilivuka ziwa kwenda Ukerewe mwaka juzi, nikamwacha mke wangu anafikiri nakwenda kuangalia shamba.

Nikamkuta nyumbani kwake anatengeneza baiskeli za watu. Amekaa juu ya kreti, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele, mwembamba, umegeuka kwa nje. Nywele zimeota mvi. Aliinua macho nikiwa bado barabarani, akanitambua papo hapo.

"Simama hapo hapo," akasema.

Nikasimama.

Kulikuwa na binti yake mdogo, miaka tisa hivi. Akamwita. "Neema, mpelekee mgeni kigoda. Usimwekee hapa. Anzia kwangu, hesabu arobaini. Na uruke, mama, usitembee kama kuku."

Mtoto akaona ni mchezo. Akaruka akihesabu kwa sauti, kigoda kichwani, akanipita pale niliposimama, akaendelea mpaka ng'ambo ya njia. Akaweka kigoda, akaniita kwa mkono kama anavyoitwa mbuzi. Nikaenda nikakaa.

Magesa akapaza sauti kutoka kule. "Haya. Umekuja kusema nini?"

Nikasema. Nilisema kwa sauti yangu hii mnayoweza kuikisia.

"Sijasikia."

Nikaongeza kidogo. Mama mmoja aliyekuwa anamenya mihogo jirani akaacha kisu.

"Sijasikia, Bubu."

Wakuu, mimi sijawahi kupiga kelele maishani. Hata watoto wangu sijawahi kuwafokea. Nikasimama juu ya miguu yangu, nikashika magoti kama mtu anayetapika, nikapiga kelele: "Nilikutuma mimi! Kopo halikuwa mahali pake, nilijua! Foromani aliniuliza nikafumba macho! Ulikuwa unaniita nikakusikia!"

Watu walitoka nje. Mwenye baiskeli alisimama na baiskeli yake. Mtoto akanitazama kinywa wazi, akakimbilia kwa baba yake.

"Baba, kwani huyu ni nani?"

Magesa akamsogeza pembeni. Akanitazama mimi. "Rudia. Hawa wa kushoto hawajasikia."

Nikarudia. Akasema tena rudia, nikarudia. Mara ya tatu sauti ilikuwa imekatika, natoa upepo tu, lakini kulikuwa na kimya kiasi kwamba nadhani walisikia.

Magesa akainamia gurudumu lake. Akalizungusha, akasikiliza kama limenyooka. Likazunguka mpaka likasimama lenyewe.

"Nimesikia," akasema. Kisha kwa binti yake: "Mpelekee maji. Akishakunywa, rudi na kigoda."

Nikanywa. Nikamrudishia mtoto kikombe kwa mikono miwili. Nikapanda boti.

Ndiyo hivyo tu. Hakunisamehe, na mimi sikumwomba, nilisahau hata kuomba. Nilichojifunza ni kidogo na mnaweza kukiona hakina maana. Ukigundua kipimo chako kimepungua, sema siku hiyo hiyo, wakati adhabu bado ni kuchekwa. Ukingoja, atakayelipa siyo wewe.

Na wale wanaocheza na vikopo, msiwacheke. Walioweka sheria ya umbali siyo lazima wawe wameshiba.

Kama kuna mtu humu naye alipunja hatua mahali na bado anangoja Jumapili yake, aandike hapa chini, hata mstari mmoja. Wa kutukana pia karibuni. Nitasoma yote, ila nitajibu polepole.